Ukoo ulikaa, mimi sikuitwa: Shangazi anajibu maswali yenu ya sheria

Wapendwa wasomaji hamjambo. Meseji za mwezi huu zilikuwa nyingi kweli, nimekaa nazo siku tatu nzima na zote nimezisoma, ambao sijawajibu humu ntawajibu kwenye simu zenu mmoja mmoja. Nimechagua tano. Nilivyokuwa nachagua nikaona karibu kila mtu analalamikia kikao, kuna aliyekaliwa kikao bila kuitwa, kuna anayeogopa kikao cha Jumamosi, na kuna mmoja barua yake imeninyima usingizi kwa sababu hapo kikao hakikuwepo kabisa na mtu amekufa. Haya tuanze.

*

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mzaliwa wa Muleba ila naishi Mwanza, nashona nguo. Baba alifariki mwaka jana, hakuacha wosia. Ameacha nyumba na kibanja chenye migomba na buni. Tupo watoto watano, wasichana wawili. Nimeenda nyumbani Pasaka nakuta ukoo ulishakaa, kaka mkubwa kawekwa msimamizi na kibanja wamegawana wavulana watatu. Nimeuliza mbona sikuitwa, baba mdogo akanijibu mwanamke harithi kibanja maana ukiolewa ardhi inaenda kwa watu baki, na ukienda mahakamani ujue umeukataa ukoo. Muhtasari wamenionyesha, jina langu lipo kwenye waliohudhuria na saini ipo lakini sio yangu. Mama yupo hai anaishi humo humo. Kaka nampenda sitaki afungwe. Nifanyeje? (Fundi cherehani, Mwanza)

Marahaba mwanangu, pole sana kwa msiba wa baba.

Kwanza nikutoe hofu ya kaka kufungwa. Kuweka pingamizi kwenye mirathi sio kumshtaki mtu jinai. Ni kwenda Mahakama ya Mwanzo pale shauri lilipofunguliwa na kumwambia hakimu mimi ni mtoto wa marehemu, sikushirikishwa, naomba nisikilizwe. Uliza kwa karani namba ya shauri. Kama kaka bado hajapewa fomu ya usimamizi unaweka pingamizi, na kama ameshapewa unaomba uteuzi wake utenguliwe au aagizwe kuleta orodha ya mali na warithi. Na kaka mwenyewe inabidi ajue kitu ambacho wengi hawajui, kwamba msimamizi siyo mmiliki. Msimamizi ni mtu aliyebebeshwa mzigo wa watu, anatakiwa akusanye mali, alipe madeni ya marehemu, agawe, alafu arudi mahakamani kueleza kwa Fomu namba 5 alikusanya nini na kwa Fomu namba 6 kila mmoja alipata nini. Kama hizo fomu hazijarudi basi hata huo mgao wa wavulana watatu mahakama haiujui.

Kuhusu hiyo saini. Niliwahi kukaa kwenye benchi la nyuma la mahakama moja ya mwanzo, kulikuwa na mirathi ya mzee mmoja, muhtasari umeletwa umeandikwa kwenye kaunta buku, watu 14 wamehudhuria na wote wamesaini. Hakimu akauangalia muda mrefu bila kusema kitu. Nilivyosogea nikaona, kila jina lenye herufi z, ile z ilikuwa na kamstari katikati. Zaituni, Mwanaidi binti Ramazani, Hamza, Azizi, wote z zao zimekatwa katikati. Hakimu akampa katibu wa kikao karatasi nyeupe akamwambia andika hapa "ziwa". Kijana akaandika, na z ikatoka na mstari wake. Hakuna aliyepigiwa kelele siku ile, hakimu aliwarudisha tu nyumbani wakakae upya na watu wote waitwe, na wakakaa. Kwa hiyo mwanangu hiyo saini usiipeleke polisi kwanza, ipeleke kwa hakimu, mwambie hii sio mimi, na beba kitambulisho chako na karatasi yoyote ya zamani yenye saini yako.

Sasa tuje kwenye hoja ya baba mdogo, na nataka niichukue kwa heshima maana sio hoja ya hovyo. Kwenye kibanja cha Kihaya ndimo makaburi yalimo. Baba yako kalala humo, na baba yake pia. Mtu akisema kibanja kisiende nje anaongelea watu waliolala pale, na mimi namwelewa. Lakini nikusimulie kilichotokea huko huko kwenu Muleba.

Mwaka 1988 mama mmoja, Holaria Pastory, aliuza shamba la ukoo kwa mtu ambaye hakuwa wa ukoo. Shamba hilo alirithishwa na baba yake kwa wosia. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akaenda Mahakama ya Mwanzo Kashasha akasema mila ya Kihaya hairuhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, na mahakama ikamkubalia, mama akaamriwa arudishe shilingi 300,000 za mnunuzi. Mahakama ya Wilaya Muleba ikapindua hukumu, kesi ikafika Mahakama Kuu Mwanza mbele ya Jaji Mwalusanya, na mwaka 1990 akaamua kwamba hiyo mila inambagua mwanamke na inapingana na haki zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, kwa hiyo kuanzia hapo mwanamke na mwanaume wa ukoo wako sawa kwenye kuuza.

Watu wengi wanaijua kesi hii hadi hapo tu. Sehemu ninayoipenda mimi iko mbele kidogo. Mila yenyewe ilikuwa inasema hivi, mwanaume akiuza ardhi ya ukoo bila kuwauliza ndugu, ndugu wanaruhusiwa kuikomboa, yaani wanamrudishia mnunuzi pesa yake na ardhi inarudi. Jaji hakuitupa hiyo. Aliiacha, akasema sasa itumike kwa wote, awe kauza kaka au kauza dada. Sasa iangalie vizuri mwanangu. Zamani ukoo ulikuwa unalinda ardhi yake kwa kumnyang'anya mtu mmoja, tena yule asiye na sauti. Baada ya hukumu ile ukoo bado unaweza kulinda ardhi yake, ila kwa kuchanga. Mnaipenda, kaeni, pitisheni kofia, lipeni. Mimi huo ndio naita undugu, gharama ikigawanywa. Dada akinyimwa ili wengine wapate halafu tukaita hiyo ni mila ya kulinda ukoo, nani ameulipia huo ulinzi? Ni yeye peke yake.

Na baba mdogo akikuambia wewe ni mgeni mtarajiwa utaolewa, muulize kwa adabu, si tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe? Mwalimu Nyerere alipokuwa anaeleza ujamaa mwaka 1962 alikumbusha msemo huo huo, kwamba kwenye jamii zetu mtu anakula kwa sababu na yeye anafanya kazi. Wewe jembe ulipewa ukiwa na miaka saba, umepalilia ile migomba, umeanika ile buni, ugeni wako umetoka wapi.

Hata kwenye sheria zilizoandikwa una pa kusimamia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Nisikudanganye, kwenye vitabu bado kuna tangazo la mila za urithi la mwaka 1963 linalomweka mtoto wa kike daraja la mwisho, na kuna mahakimu wanalitumia, ndo maana nakwambia usiende mwenyewe, mtafute msaidizi wa kisheria. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria tangu 2017 na huduma ni bure kwa asiye na uwezo, uliza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata au halmashauri.

Mama yako sasa. Barua yako imemtaja mstari mmoja tu, na mimi nina wasiwasi naye kuliko wewe, wewe una cherehani Mwanza. Kabla ya kugawa cha marehemu lazima ijulikane kipi ni jasho la mama. Mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango kwenye mali ya ndoa. Ilikuwa kesi ya talaka, sio ya mirathi, lakini ilifunga ule mdomo wa "wewe ulikuwa unapika tu". Huyo mama kapika, kalima, kazaa watano. Kwenye pingamizi lako mtaje yeye kwanza, uone hata kaka zako wanavyolainika, maana hakuna kaka atakayesimama mbele ya hakimu aseme mama asiwe na pa kukaa.

Alafu kabla ya mahakama, mpigie kaka simu. Usiku akiwa ametulia. Mwambie nakuja, na nataka tukae wote watano na mama, na nimeshajua utaratibu. Wengi wanakubali hapo hapo, nimeona mara nyingi.

*

Habari Shangazi, mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama 24 Mbeya. Mwenzetu alikopa laki sita ya mtaji wa mitumba, mwezi wa pili mume wake akapata ajali ya pikipiki pesa yote ikaisha hospitali. Ana miezi minne hajarejesha. Wenzangu wamepanga Jumamosi twende kwake tukabebe cherehani, godoro na subwoofa, wanasema katiba inaruhusu. Wengine wanasema tumpeleke polisi. Mimi roho inagoma ila ni pesa za watu. Sheria inasemaje?

Hiyo roho inayogoma iache igome.

Hata kama mmeandika kwenye katiba yenu kwamba mdaiwa anabebewa vitu, ninyi hamna mamlaka ya kuingia ndani ya mtu na kubeba godoro bila ridhaa yake. Mwenye ruhusa ya kukamata mali ya mdaiwa ni dalali wa mahakama, akiwa na amri ya mahakama mkononi, baada ya kesi kusikilizwa. Mkienda Jumamosi mkabeba, Jumatatu yeye ndo anaweza kwenda polisi na ninyi mkawa washtakiwa, wote mliobeba na mliosimama mlangoni. Na kukopa ukashindwa kulipa peke yake sio kosa la jinai, ni madai. Polisi hawakusanyi marejesho ya vikoba, japo najua wapo watu wanaitwa kituoni kutishwa, na hiyo siyo sawa.

Mnachoweza ni hiki. Kwanza hisa zake, ana hisa kwenye sanduku, angalieni katiba inasemaje kuhusu kuzikata kwenye deni. Pili wadhamini wake, kama walisaini fomu ya mkopo waitwe nao wabebe. Tatu mpangeni upya, badala ya 60,000 kwa mwezi alete hata 15,000, muandike kwenye karatasi asaini yeye na ninyi. Nne ikishindikana kabisa mnafungua madai Mahakama ya Mwanzo kwa jina la kikundi, hapo ndo mtaulizwa cheti cha usajili, maana tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi kama chenu vinatakiwa kusajiliwa kupitia halmashauri. Kama hamjasajiliwa nendeni wiki hii, deni lipo au halipo.

Ila mweka hazina mwenzangu (na mimi niliwahi kushika ufunguo) nataka nikukumbushe sanduku lenu. Najua lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na siku ya kukaa hamuwezi kulifungua mpaka wote watatu wamefika, akichelewa mmoja mnakaa mnaongea mnamsubiri. Lile sanduku limetengenezwa na watu wanaojua kwamba binadamu akiwa peke yake na pesa anaweza kuteleza, kwa hiyo wakaamua kushikana mikono. Na pembeni ya hisa mna mfuko wa jamii, ile miatano au elfu mnayotoa kila kikao kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Huyu mama mume wake kavunjika, mfuko wa jamii ulimpa nini? Barua yako haijasema. Kama hamkumpa kitu basi ninyi pia mna deni kwake, tena lipo kwenye katiba ile ile mnayotaka kumbebea godoro. Anzeni kikao cha Jumamosi na hilo, muwe wote, na yeye awepo, asijadiliwe mgongoni.

Cherehani iacheni kabisa. Ukimchukulia mtu cherehani yake unategemea alipe na nini?

*

Shangazi, huku kwetu Kilosa kuna njia ya kwenda kisimani tumepita tangu utoto, wazee wanasema ilikuwepo kabla ya vijiji vya ujamaa. Amekuja mtu kanunua shamba kaweka seng'enge kafunga njia, anasema alinunua ardhi hakununua njia za watu. Akina mama wanazunguka karibu saa nzima na ndoo kichwani. Tuikate seng'enge?

Msiikate. Mkikata ninyi ndo mtakuwa na kesi, yeye atakuwa na picha kwenye simu.

Nendeni Baraza la Ardhi la Kijiji. Kisheria lina wajumbe saba na watatu lazima wawe wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Hapa hao wanawake watatu ni muhimu kuliko mnavyofikiri, kwa sababu wao wamepita ile njia na ndoo. Hakikisheni wapo siku hiyo. Mkishindwa kijijini mnapanda Baraza la Kata, ila jueni kwamba tangu mabadiliko ya mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi tena hukumu ya ardhi, linasuluhisha tu, na likikwama linawapa cheti mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zikipita siku 30 bila usuluhishi mnaweza kwenda Wilayani hata bila hicho cheti, msikubali kuzungushwa njoo kesho njoo kesho.

Bebeni ushahidi. Wazee wanaoikumbuka hiyo njia waandikwe maelezo yao sasa hivi wakiwa wazima, na mtendaji wa kijiji aje aione ile alama ya miguu, maana njia ya miaka mingi huwa imezama chini kuliko shamba la pembeni, hata mgeni anaiona. Pia ulizeni mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji kama upo, mara nyingi njia na visima vimechorwa.

Na huyo bwana mtumieni wazee wawili wakamsalimie kabla ya barua. Inawezekana kabisa kaambiwa na aliyemuuzia kwamba hakuna njia. Mkubaliane njia ipite pembeni ya shamba lake badala ya katikati, mita mbili tu zinatosha ndoo na baiskeli.

*

Shangazi sijui nianzie wapi. Mimi naendesha bodaboda, mji siutaji. Kijiweni alikamatwa kijana aliyeiba betri. Watu wakaanza kumpiga. Mimi sikumgusa. Kuna mtu akaniambia toa mafuta, nikafungua tenki nikatoa kwenye chupa ya maji nusu lita nikampa. Yule kijana alikufa. Watu wanasema jamii imeamua na hakuna kesi kwa sababu walikuwa wengi. Silali, nikifunga macho naona chupa.

Mwanangu nimeondoa vitu vyote kwenye barua yako vinavyoweza kukutambulisha. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na ntakuambia ukweli kwa sababu umeniuliza kama mtoto anavyomuuliza mama yake.

Kutoa mafuta ni kushiriki. Sheria yetu ya kanuni za adhabu haimwangalii tu aliyewasha kiberiti, inamwangalia aliyesaidia na walioungana kwa nia moja, na kuwa wengi hakupunguzi kosa la mmoja mmoja, kila mtu analibeba zima. Kuua kwa kukusudia adhabu yake kwenye vitabu vyetu bado ni kunyongwa. Kama ulijua au hukujua ile chupa inaenda kufanya nini, hilo ni swali kubwa sana kwenye kesi yako na ndo maana usilijibu kijiweni wala kwenye simu wala kwangu tena. Tafuta wakili, kama huna pesa nenda kwenye shirika linalotoa msaada wa kisheria mkoani kwako, mweleze yote, na mwende naye kituoni kwa miguu yako. Najua nakuomba kitu kizito. Lakini kukimbia mji hakutaiondoa hiyo chupa.

Sasa nisemee hili neno "jamii imeamua", nawaambia na wengine wote wanaosoma. Mwananchi anaruhusiwa kumkamata mwizi, ndiyo, lakini anatakiwa amkabidhi polisi bila kuchelewa. Basi. Na jamii huwa inaamuaje? Inakaa. Mtuhumiwa anasema, aliyeibiwa anasema, mama wa kijana anasema, mzee anauliza swali la mwisho, watu wanatulia. Pale kijiweni mama yake yule kijana aliulizwa? Na yeye si jamii? Yule mwenye betri aliulizwa kama anataka betri yake au anataka maiti? Lile lilikuwa kundi, dakika 20 tu limeshatawanyika kila mtu anasema mimi sikuwepo. Jamii haitawanyiki hivyo, jamii asubuhi bado ipo.

Afrika Kusini walipotoka kwenye ubaguzi, watu waliouana miaka na miaka, neno ubuntu liliandikwa kwenye Katiba yao ya mpito ya 1993. Mwaka 1995 majaji 11 wa Mahakama ya Katiba waliulizwa kuhusu watu wawili waliopatikana na hatia ya mauaji, Makwanyane na mwenzake, wanyongwe au la, na wote 11 wakasema adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Jaji Yvonne Mokgoro alieleza kwa msemo wa kwao, umuntu ngumuntu ngabantu, sisi tungesema mtu ni watu. Hao walikuwa wauaji waliothibitishwa. Huyu wetu betri ilikuwa bado iko mkononi mwake, hata hajapelekwa kituoni.

Niandikie ukishaonana na wakili, usiniandikie kesi, niandikie tu kwamba umefika.

*

Shangazi mimi ni mwanafunzi Dodoma. Nikiongelea haki kijijini naambiwa hizo ni sheria za wazungu, sisi tuna mila zetu. Nijibu nini?

Waambie wachunguze kwanza hiyo mila imeandikwa na nani. Mila ya Kihaya waliyokuwa wakisomewa watu mahakamani iliwekwa kitabuni mwaka 1945 na Hans Cory na mwenzake Hartnoll, Wazungu wa utawala wa mkoloni. Na lile tangazo la urithi nililolitaja kwa binti wa Muleba ni tangazo la serikali namba 436 la 1963. Mila inayoishi huwa inakaa kikao na kubadilika, bibi zetu waliibadilisha mara ngapi bila kuandika. Hii ya kwenye karatasi imeganda pale pale 1963 na hakuna mzee anayeruhusiwa kuiuliza swali. Wajane wawili kutoka Shinyanga walijaribu Mahakama Kuu mwaka 2006, majaji wakakubali kwamba ni ya kibaguzi lakini hawakuifuta, mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia haki za wanawake ikasema Tanzania imewakosea. Mpaka leo naandika hapa bado inanitia uchungu kwamba wajane wetu walisikilizwa Geneva kabla ya nyumbani.

Alafu wasomee Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu, wa 1981, ulianza kazi Oktoba 1986 na mahakama yake iko Arusha hapo. Angalia jina, *na za Watu*. Ibara ya 29 inampa mtu wajibu wa kuwaheshimu wazazi wake na kuwatunza wakihitaji. Huo uliandikwa na Waafrika, na haki na wajibu vimekaa humo pamoja bila kugombana.

*

Mengineyo kwa ufupi. Mama wa Mbagala, namba uliyoniachia haipatikani, nipigie wewe, na ile hati ya nyumba usimpe mtu yeyote aitoe kopi bila wewe kuwepo. Mzee wa Tanga, jirani akikata tawi la mwembe wako lililoingia kwake msinuniane, kaeni mgawane maembe kwanza mwaka huu. Binti wa Muleba, tarehe ya kikao mkishapanga nijulishe, nina mtu Bukoba mwanamke mtu mzima, anajua hizo fomu kwa kichwa na anaongea Kihaya, nimeshamuomba aje akae na mama yako siku hiyo.

Shangazi wenu.